Von Yenye Herufi Tatu

Jumatatu, 2 Juni
Atakayeifungua shajara hii siku zijazo anawe mikono kwanza. Ni hati ya historia. Mimi, Hinnerk von Dornloh, fundi bomba, ni damu ya makabaila. Ushahidi: kwenye kasri, kilomita nne kutoka hapa, anakaa Baroni von Dornloh. Nami ni von Dornloh, na hiyo "von", yaani "wa kutoka" kwa Kijerumani, ndiyo alama ya majina ya makabaila. Kujumlisha kunataka shule gani?

Jumamosi ukoo wa Baroni unakutana kasrini. Meza moja, watu sitini, wote wamo kwenye mti wa ukoo. Nimemwahidi Mama kiti. Ana miaka themanini na mitatu, na alifua mashuka ya kasri miaka kumi na minane bila kuuona ukumbi. Aliniuliza kama nimekunywa. Baadaye nikamwona anapiga pasi gauni la buluu. Basi, hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 3 Juni
Ofisi ya kanisa. Nilimwambia Bi Meinardus, mtunza vitabu vya ubatizo, kwamba mwandiko wa kale nausoma kama gazeti. Akakigeuza kitabu mikononi mwangu. Nilikuwa nimekishika juu chini. Nikasema nakagua jalada.

Akanisomea yeye. Mwaka 1788: Johann, mwana wa Cord von Dornloh. Babu wa mababu zangu! "Von" imeandikwa kamili, herufi zote tatu. Chini yake, mtoto wa kasri kaandikiwa "v." tu. Herufi moja na nukta. Karani alimbania hata wino. Ni wazi sisi ndio tawi kubwa.

Bi Meinardus alitaka kuniambia jambo kuhusu hiyo nukta. Nikamshukuru, nikaondoka. Nina haraka.

Jumatano, 4 Juni
Shemeji Detlef, mfuga nguruwe aliyemwoa dada yangu, alikuja kula mboga zetu za asparaga. Nikamweleza. Akasema, "Shemeji, hata nguruwe wangu ni von Dornloh. Nimewanunua kijijini huko." Dada akacheka mpaka siagi iliyoyeyushwa ikamwagika. Mama hakucheka. Aliuliza kama viatu vyeusi vitafaa.

Nimemwandikia Baroni barua. Nimemwarifu kwamba mkuu wa tawi kubwa atafika na mama yake, na kwamba kasri sitalidai kwa sasa.

Ijumaa, 6 Juni
Baroni kaniita. Mzee mpole, suruali ina kiraka. Akanieleza kwamba makarani walifupisha "von" ya makabaila ili isichanganywe na ya wakulima. Ya wakulima iliandikwa yote. "Bwana von Dornloh," akasema, "nyinyi mlitoka Dornloh. Sisi tulikuwa tunaimiliki."

Sikutetereka. Nikasema makarani hukosea. Ila nikajikuta nazungumzia gauni la buluu. Akauliza jina la Mama. Gesine, nikamwambia. Akasema, "Gesine wa mashuka? Mama yangu alikuwa akisema hakuna aliyekunja kama yeye." Kiti anacho kimoja tu, cha Mama. Mimi akaniuliza kama najua kupanga magari.

Jumamosi, 7 Juni
Ushindi mkubwa. Mama alipokelewa mlango wa mbele, akashikwa mkono, akaketi kati ya jenerali mstaafu na shangazi mmoja wa Bavaria. Amekula nyama ya paa mara mbili. Alimsahihisha jenerali namna ya kukunja kitambaa.

Mimi nilikabidhiwa misafara yote ya makabaila, magari thelathini na moja, pamoja na kizibao cha njano kinachong'aa. Lililokwaruzwa ni moja tu, tena dogo. Detlef alipita na baiskeli makusudi, akavua kofia na kuniita Mtukufu wa Maegesho. Wivu una sura nyingi.

Jumapili, 8 Juni
Nimetafakari. Baroni hajasoma vizuri, lakini namsamehe. Ukoo wake hata hivyo ni mdogo kwangu. Leo nimekumbuka kwamba Mama, kabla ya kuolewa, aliitwa Gesine Kaiser. Kaiser, yaani mfalme mkuu! Bi Meinardus atanikuta mlangoni ofisi ikifunguliwa.

Kile kizibao cha njano walisahau kunidai. Leo nimekivaa kanisani, ndani ya koti.