Sampuli ya Kahawa Niliyoibeba Mwenyewe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu niliowafundisha mwenyewe. Nawaandikia kabla hamjasikia kwingine, maana Mbinga ni mji mdogo na akina mama wa Mbuji wana simu.

Nieleze polepole mnielewe. Mimi ni bwana shamba. Kwa misimu miwili nimekifundisha kikundi cha wakulima kule Mbuji jambo moja: kahawa hunyonya harufu. Ukiiweka karibu na vitunguu, itanuka vitunguu. Ukiiweka karibu na mafuta ya taa, imekwisha. Mwaka jana nilimfanya mzee mmoja amtoe mbuzi wake stoo. (Mzee alitii. Mbuzi hakufurahi.)

Leo saa nne asubuhi sampuli ya kikundi ilikuwa ionjwe hapa mjini. Kuna mnunuzi anayetafuta kijiji cha kuweka mashine ya umeme ya kumenya kahawa, kwa kuwa sasa lami ipo na nguzo zimefika. Vijiji viwili vinashindana. Kahawa ya Mbuji ikionekana safi, mashine inakwenda Mbuji, na akina mama wanaacha kuzungusha ile ya mkono mpaka mabega yanavimba. Hicho ndicho nilichokuwa nimebeba.

Kwa nini nibebe mimi? Juzi na jana nilikuwa Mbamba Bay, kule bandarini ziwa Nyasa, kwenye semina ya ushoroba wa biashara. Ushoroba, kwa lugha ya kawaida, ni barabara iliyopewa kazi nyingi: makaa ya mawe yashuke bandarini, kahawa ishuke, mbolea na samaki wapande. Niliomba ile sampuli nikaiweke mezani watu waione. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Kapinga, alisita. Nikamwambia, mama, kahawa yako ikiwa kwangu ni kama iko kanisani.

Asubuhi nikafunga safari kwa pikipiki. Sasa mnajua desturi ya huku: huwezi kutoka ziwani ukapanda Mbinga bila kitu. Jirani atakuuliza ulikwenda kufanya nini. Nikanunua usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, sado nzima, mkavu wa jana. Muuzaji akauliza auweke wapi. Nikamwonyesha begi. Ndiyo, begi lilelile lenye mfuko wa karatasi wa kahawa. Nilifikiri kwanza, msidhani sikufikiri. Nikajiambia safari ni fupi na lami ni nzuri. (Kana kwamba harufu husubiri barabara mbovu.)

Kona za mlimani zikafanya kazi yake. Nikifunga breki kwa ajili ya lori la makaa, begi linaruka. Mimi naimba.

Kwenye chumba cha kuonjea nikawakuta Mama Kapinga na wenzake wawili kwenye benchi, na vitenge vya Jumapili. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuondoa macho kwenye begi. Mwonjaji, dada mmoja mpole mwenye koti jeupe, akasema naweza kueleza kidogo kuhusu kikundi wakati anachemsha maji. Kosa lake. Nilieleza usafi wa kahawa mpaka maji yakachemka mara mbili.

Akapokea mfuko. Akaunusa. Akatazama viatu vyangu. Akaunusa tena. Kisha akamimina punje kwenye sinia jeupe.

Katikati ya kahawa alikuwa amelala usipa mmoja, mzima, macho wazi. (Mfuko ulichanika pembeni. Nimeuona baadaye.)

"Huyu ni wa kikundi?" mwonjaji akauliza.

Mama Kapinga akamtazama samaki, kisha akanitazama mimi. "Huyo si mwanachama. Amekuja na bwana shamba."

Mwonjaji akasema kahawa hiyo haionji, na orodha ya mnunuzi inafungwa leo. Mama mmoja akaanza kukunja kitenge chake taratibu, kama mtu anayeondoka msibani. Hapo ndipo iliponiuma kweli. Nikamweleza yule dada kwamba kosa ni langu, shamba halina hatia, stoo ya Mbuji ina kahawa ileile. Akanisikiliza, akageukia saa ya ukutani, akasema atasubiri mpaka saa nane.

Mama Kapinga alikuwa tayari kwenye simu na bodaboda wa kijijini. Nikajitolea kuifuata kahawa mwenyewe.

"Wewe kaa," akasema. "Kaa nje, mwanangu. Mbali na dirisha."

Nikakaa nje na begi langu. Paka wawili wakaja kukaa nami.

Saa saba na nusu bodaboda akafika na mfuko mpya, kaufunga kifuani kama mtoto mchanga. Akanipita bila salamu. Nadhani alikuwa ameagizwa. Nikachungulia kwa mbali: wakakaanga, wakasaga, yule dada akavuta kijiko, akatema, akavuta tena. Halafu nikasikia vigelegele. Kahawa ya kijiji kile kingine ilikuwa imeshaonjwa asubuhi, na ya Mbuji imeipita: mashine inakwenda Mbuji.

Nikakimbilia kuwapongeza. Mama Kapinga akanipokea mlangoni, hatua tatu kabla sijaingia, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ameshanisamehe, ila somo la harufu Alhamisi atafundisha yeye, na mimi nije nikae mbele kama mfano.

Nitakwenda. Nawaomba tu mtakaohudhuria msicheke: somo ni zuri sana, nililiandaa mimi.