Saikolojia na Soseji za Breki

Gazeti lilikuwa la Profesa, na Profesa hajui kusoma kimyakimya. Jina lenyewe kalipata kwa kujaza mafumbo ya gazetini kwa wino.

"Sikilizeni ujinga! Vijana wanaikimbia Fizikia, wanajazana kwenye Saikolojia!"

Mkahawa wa Maureen pale Grimsby, Uingereza, ukachemka. Clive, dereva wa basi waliyempachika jina la Breki, akasita na uma mkononi, maana habari ilimgusa pabaya. Binti yake Tamsin alikuwa meza ya pili, ameinamia kitabu cha maktaba, na mchana huohuo alitakiwa akaandikishe masomo yake matatu ya A-level. Hesabu na Biolojia walishakubaliana. La tatu ndilo lililowanunisha wiki nzima: baba anataka Fizikia, binti Saikolojia.

"Hilo nalo somo?" alifoka Mabomba, ambaye kazi yake ndiyo hiyohiyo, mabomba. "Mtoto wa dada yangu kalisoma. Nikimwambia bomba linavuja, ananiuliza limeanza kuvuja tangu utotoni?"

"Angalau kakuuliza," alisema Sajini, askari jela mstaafu. "Mkeo hata hakuulizi."

"Wangu kaniambia nina ugonjwa wa kukataa ukweli," alisema Profesa. "Nikakataa."

Clive akapaza sauti ili binti asikie. "Mtu mzima anaona kwa macho yake, anaamua kwa kichwa chake. Kuna cha kusomea hapo?"

"Hakuna!" waliitikia wote.

Sajini akachungulia sahani ya Clive. "Ila Maureen anakuonea, bwana. Soseji ya kulia kakupa ndefu, ya kushoto imedumaa."

Clive akatazama. Ya kushoto ilikuwa imevuka ukingo wa sahani, imelala mezani.

Mabomba akanyoosha shingo, akamtazama Sajini. "Eeh. Ya kulia ndefu."

"Tena kwa mbali," Profesa akagonga muhuri.

Clive akafikicha macho. Watu wazima watatu watakoseaje soseji?

"Kweli," alisema polepole. "Ya kulia imezidi kidogo."

Tamsin akafunga kitabu. "Baba, ya kushoto inakaribia kuanguka."

Sajini akacheka hadi chupa za siki zikatikisika. "Kaniomba binti yako! Kasema nidanganye tu, atazame mtasemaje."

Uso wa Clive ukaiva. "Kumbe nyote mmekula njama na mwanangu?"

Mabomba na Profesa wakaanza kuchunguza vikombe vyao.

"Hao sikuwaambia kitu," alisema Tamsin. "Nilimwambia Anko Sajini peke yake."

Profesa akakohoa, akasema kilichomponza ni pembe aliyokaa. Nje, mvua ikaanza kumwagika.

"Inanyesha," alisema Sajini.

Mabomba akamkazia jicho. "Unasema wewe."

"Hunipati mara ya pili!" Profesa aliinuka, akaacha koti lake kitini, akatoka kifua mbele. Mabomba akamfuata na kishati chake. Dirishani walionekana wamelowa chapachapa, wakiambizana jua la leo ni kali.

Clive naye alikwisha kunyanyuka nusu, ameshika zipu ya koti, hajui aifunge au aifungue.

"Tamsin, mama. Inanyesha au hainyeshi?"

"Inanyesha, baba."

Akaifunga mpaka kidevuni. "Basi twende ukaandikishe hiyo Saikolojia. Katika ukoo huu lazima apatikane hata mmoja wa kuona."