Majina Kumi na Manane

Jumamosi, 3 Oktoba 1998

Msimu mpya. Mimi tena ndiye meneja wa timu ya Madina, mtaa wetu hapa Maskati. Hakuna mwengine aliyetaka. Kamati ya ligi ya mitaa imekuja na sharti jipya: kila timu majina kumi na manane, si zaidi, na yafike Jumanne kabla ya Magharibi. Mimi ninao ishirini na tatu. Wote jamaa!

Nimekaa na kalamu tangu Alasiri. Nimfute nani? Khattab, beki wa kulia, ana miaka arobaini na moja na anakimbia kama amebeba mtungi wa gesi. Lakini ni kaka wa mke wangu. Nilipolitaja jina lake tu, Shariffa akaniuliza kama nimechoka kula nyumbani. Khattab anabaki. Murshid, kipa, haoni mpira ukitokea upande wa jua. Lakini baba yake ndiye mwenye gari la kutubeba. Anabaki. Wale ndugu wawili wa Ruwi, nikimfuta mmoja mama yao atasusa harusi ya binti yangu. Wanabaki wote wawili.

Nikafika kwa Atheer. Mtoto wa dada yangu Kheiria, miaka kumi na saba, mguu wa kushoto. Ukweli ni kwamba ndiye pekee katika hao ishirini na tatu anayejua kucheza. Hapo ndipo akili ikaniwaka.

Mpango: simwandiki Atheer. Namficha! Hamoud, meneja wa Bustan, ana tabia ya kusoma orodha za wenzake na kunyemelea vijana. Mwaka jana alituchukulia wawili. Asipoliona jina hatouliza. Ligi ikishaanza mtu mmoja ataumia (Khattab, bila shaka yoyote), na Atheer ataingia mahali pake. Bustan hawatojua kilichowapiga.

Shariffa kasema kumficha mchezaji wako mmoja mzuri ni kama kuficha nyama mpaka wageni waondoke. Hajui mpira.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimemwambia Atheer baada ya mazoezi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni siri ya timu. Akasema sawa, mjomba. Kijana ana adabu, sijui kaitoa wapi, si upande wetu.

Nimemwamuru achechemee akipita mbele ya watu wa Bustan. Kaenda dukani akichechemea mguu wa kulia, karudi akichechemea wa kushoto. Nimemwambia basi, aache, akae ndani.

Jumanne, 6 Oktoba

Saa kumi orodha nimeipeleka kwa Thabit, katibu wa kamati. Majina kumi na manane, mwandiko mzuri. Nimerudi nyumbani nikajisikia mtu mkubwa.

Haikupita nusu saa, Kheiria akaingia. Amekuja na habari. Ijumaa, mechi ya kwanza, sisi na Bustan, kocha wa klabu moja kubwa atakuja kukaa kiwanjani kwetu kutafuta vijana. Atakayechaguliwa hapati mpira peke yake, anatafutiwa na kazi. Kheiria hajakaa hata kwenye kiti. Anasema tangu Atheer afeli mitihani ya mwisho amepeleka maombi ya kazi sehemu sita na hakuna aliyemjibu. Kutwa amelala, uso ukutani. Mazoezi ndiyo kitu pekee kinachomtoa kitandani. Ameniomba jambo moja: Ijumaa acheze.

Nikamwambia ah, Kheiria, huyo nimemwandika wa kwanza!

Sijui ulimi uliniendaje. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua ndefu, na kila sentensi ya dua ikawa inanichoma. Nimeona haya. Hata sasa naona haya.

Alipoondoka nikakimbilia kwa Thabit. Nikamwomba ile karatasi, nimesahau nukta fulani. Thabit akasema orodha ikishapokelewa imefungwa, tena kwa raha, kama aliyekuwa akiningoja. Njia ni moja. Mpaka Alhamisi adhuhuri, meneja anaweza kumtoa mchezaji wake kwa timu nyengine, iwe kwa kubadilishana au bure, na akiachwa na nafasi tupu aijaze amtakaye. Timu gani ina nafasi? Thabit akafunua makaratasi. Moja tu. Bustan, majina kumi na saba.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimekwenda Bustan mwenyewe. Njia nzima nikiupanga mpango, na naandika hapa kwamba ulikuwa mpango mzuri.

Hamoud akanikaribisha kwenye majlis yake, chumba cha wageni. Wazee watano wamekaa, tende, kahawa. Akanimiminia. Nikaipokea finjani, nikaiweka chini juu ya zulia bila kuionja.

Wazee wakaacha tende! Hata mtoto mdogo wa huku anajua maana yake. Mgeni akiweka kahawa chini ana haja, na haondoki wala hanywi mpaka mwenyeji aseme haja imepita, yaani ameikubali. Na mwenyeji anasema hivyo kabla hajaisikia. Akikataa, kahawa inapoa pale pale mbele ya watu na jina lake linapoa nayo. Sijapata kuthubutu hivi maishani mwangu. Nikamwona Hamoud amebadilika rangi. Nadhani alijua nitamwomba winga wake Salem, ambaye ni mwanawe. Wazee wakamtazama. Akasema imepita, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Nikamwomba amchukue Khattab.

Hamoud akawatazama wazee wake. Kisha mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama haja yangu hasa ni hiyo au nimetanguliza nyengine. Nikarudia. Namtoa Khattab, bure. Hamoud akauliza mtu gani anaweka kahawa chini ili atoe badala ya kupewa?

Hapa ndipo ningekunywa kahawa yangu nikaondoka. Najua. Lakini wazee wote watano walikuwa wananitazama kama mtu aliyepotea njia ya kwao, na mimi dharau siiwezi. Nikawaambia wasinione mjinga. Kwetu kuna kijana, mguu wa kushoto, hajaonekana Maskati nzima kama yeye, na nafasi ya Khattab ni yake. Nikataja jina. Huenda nilisimama. Huenda nilionyesha na chenga yenyewe, juu ya zulia, kanzu nimeikunja mkononi.

Hamoud akacheka sana, akanijazia tena finjani, akatia sahihi karatasi ya Khattab hapo hapo. Kanisindikiza mpaka garini. Nilikuwa nikimdhania vibaya, kumbe mtu mwema.

Kesho asubuhi karatasi kwa Thabit, pamoja na jina la Atheer. Shariffa sijamwambia kwamba kaka yake sasa ni mtu wa Bustan. Kila jambo na wakati wake.

Alhamisi, 8 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Sijamaliza chai. Gari tatu mlangoni!

Hamoud na wazee wake wote watano, na sinia la haluwa. Wamekuja kunishukuru kwa Khattab. Ami yangu Musallam alikuwepo, ana miaka themanini na hakuna adabu ya mtu inayompita. Akafurahi mno kuona wageni wa heshima. Akaniamuru nimimine kahawa kwa mkono wangu.

Nikamimina. Hamoud akaiweka chini. Mzee wa kwanza akaiweka chini. Wa pili. Finjani sita zikajipanga kwenye zulia langu, zinatoa moshi.

Nikawaambia kunyweni kwanza, itapoa. Hawakunywa. Nikasema nasikia simu inalia ndani. Ami Musallam akasema yeye hasikii simu yoyote, na huyu ndiye mtu ambaye hasikii hata adhana. Akanikazia macho. Jana Hamoud amenipitishia yangu mbele ya wazee wake, bila kuijua. Leo yuko kwangu. Ningesema nini?

Nikasema imepita.

Anamtaka Atheer. Na kwa kuwa nafasi yao ilikuwa moja na Khattab ameshaichukua, atanirudishia Khattab. Karatasi alikuja nayo, imeandikwa tayari, kwa mashine. Ami Musallam akasema hiyo ndiyo haki, mtu kwa mtu. Nikatia sahihi. Wakanywa, wawili wawili, wakatikisa finjani zao kuonyesha imetosha, wakaenda zao kwa Thabit na karatasi.

Khattab karudi kabla Shariffa hajajua kama aliondoka. Hilo ndilo jema pekee la leo.

Adhuhuri nikampigia Kheiria. Nikamwambia nimemfanyia mpango mkubwa zaidi, Ijumaa Atheer atachezea Bustan, timu nzito, atang'ara. Akasema hana neno, madhali atacheza. Nimeweka simu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Bustan 4, Madina 0. Mabao mawili yamempita Murshid kwa upande wa jua. Moja limegonga mgongo wa Khattab. La nne sikuliangalia.

Kocha wa klabu alikuja kweli. Mtu mfupi, kofia nyeupe, daftari gotini. Akakaa karibu na goli letu. Nikamtafuta Atheer uwanjani. Simwoni. Nikamwona kwenye benchi, jezi ya kijani ya Bustan imemzidi mabega, kamba za viatu amezifunga vizuri sana.

Winga wa kushoto wa Bustan ni Salem. Mwana wa Hamoud! Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nalijua tangu mwanzo na halikunipitia akilini.

Wakati wa mapumziko Atheer aliruka ruka peke yake pembeni, anapasha mwili moto. Nikamfuata Hamoud nikamuuliza atamwingiza saa ngapi. Akanijibu kwa heshima zote. Hakumwomba yule kijana ili amchezeshe, alimwomba ili asimwone upande wa pili. Msimu mrefu, akasema, siku yake itafika. Akanipa na chupa ya maji.

Dakika ya themanini kocha akafunga daftari lake akaondoka. Jina aliloandika ni la Salem, Thabit aliliona. Atheer hakugusa mpira. Filimbi ilipolia akaivua ile jezi, akaikunja, akaiacha kwenye benchi. Nikamwita. Akageuka, akanisalimia, shikamoo mjomba, akapita. Afadhali angenitukana.

Kheiria alikuwa ameleta sambusa za timu nzima, deste mbili za bati zenye vifuniko, za furaha. Akazigawa vile vile. Kampa Khattab, kampa Murshid, kampa refa, kampa hata Hamoud. Alipofika kwangu akafunika deste akaenda kwa anayefuata.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimekwenda kwa Kheiria. Amenifungulia mlango, hajanikaribisha. Hakupiga kelele. Ameshaambiwa na watu kwamba jina la mwanawe halikuwemo kwenye orodha ya Jumanne. Alichouliza ni kitu kimoja, kama mimi na yeye tumelelewa nyumba moja. Nyuma yake nilimwona Atheer amelala, uso ukutani, saa tano mchana.

Nimerudi kwa miguu, gari nimeisahau mlangoni kwake. Shariffa hajanisema. Shariffa! Basi jambo ni kubwa.

Nimefanya vibaya. Nimemharibia mtoto wa watu, tena mtoto wangu. Naandika hapa ili niwe nimesema mahali.

Jumatatu, 12 Oktoba

Atheer amekuja mwenyewe. Nilikuwa nimekaa ukumbini sina hamu ya chochote, nikasikia hodi.

Amekwenda Bustan kwa miguu yake kumwomba Hamoud amwachie. Hamoud kamwachia bila shida, mwanawe ameshachaguliwa, hana sababu tena ya kumshika mtu. Na kocha atakuja Ijumaa hii kwa mara ya mwisho. Imebaki nafasi moja ya kijana. Mmoja wa ndugu wa Ruwi kavunjika kidole cha mguu na kamati imekubali kumtoa, kwa hiyo orodha yetu ina majina kumi na saba. Leo kabla ya Magharibi inaweza kujazwa, na hakuna haja ya kumfuta mtu. Haya yote kayafuatilia mwenyewe, siku mbili. Ameleta picha yake na karatasi ya Hamoud ndani ya bahasha. Kilichobaki ni mimi kuandika jina na kulipeleka kwa Thabit, mwendo wa dakika kumi. Alitaka kulipeleka yeye, lakini kamati haipokei ila kwa mkono wa meneja.

Nikamkumbatia. Nikamwambia nenda kapumzike, acha kwangu. Akanitazama kidogo. Akasema asante, mjomba. Mungu ni mkubwa! Nimepewa nafasi ya pili, na wangapi hupewa?

Nikashika kalamu. Nikaandika herufi ya kwanza. Nikasimama kufikiri.

Thabit huibandika orodha mlangoni kwa kamati baada ya Isha. Ijumaa hii tunacheza na watu wa Mutrah. Meneja wao anasoma orodha kuliko Hamoud. Akiliona jina leo atakuwa na siku tatu za kujipanga, atamwekea kijana mabeki wawili, na kocha ataona nini? Vumbi. Lakini nikienda na bahasha Ijumaa yenyewe, kiwanjani, robo saa kabla ya filimbi, watu wamejaa, Thabit hatokuwa na uso wa kunikatalia. Mutrah watapigwa na butwaa. Hii si kama ile ya mwanzo. Ile ilikuwa na kasoro, hii haina.

Magharibi imeadhiniwa sasa hivi. Bahasha iko kwenye mfuko wa kanzu yangu, salama. Simu imelia mara mbili. Ni Kheiria, najua. Nitamjibu Ijumaa, nikiwa na habari njema.