Matimba ya Duara kwa Paa la Mama Eunice

Jumatatu, 6 Oktoba
Nina miaka sabini na nne. Nimeishinda njaa mara mbili, nyoka mmoja, duara la dhahabu lililoporomoka nikiwa shimoni, na kila aliyeniita mjinga. Mbao zitanishindaje? Mwaka jana mbao moja elfu sita. Leo mwuza mbao wa Geita kasema elfu kumi, bila haya! Eti wachimbaji wanazimaliza kuzuia mashimo yao. Na kuta zangu za tofali mbichi ziko kichwa wazi. Mvua ikitangulia paa, ni uji. Mama Eunice kaapa: nyumba ikianguka, anahamia kwa binti yetu kule Buseresere. Na sufuria zote.

Jumatano, 8
Akili! Kuna duara limefungwa. Matimba yake, magogo ya kuzuia udongo kule chini, yanauzwa bei ya kuni. Nimejaza mkokoteni. Jirani Gregory, aliyeezeka Agosti na hajanyamaza tangu hapo, akauliza: mzee, unaezeka au unachimba shimo angani? Nikamwambia akili kama yangu haiuzwi. Akasema kweli, nani ainunue.

Ijumaa, 10
Fundi Luka kaja kupiga paa. Akakwangua gogo, akautazama udongo kiganjani. Akasema huu wa chini kabisa, huenda una vumbi la dhahabu. Ng'wanawane, mwanangu wee! Nikamwambia paa lisubiri. Mama Eunice akanyoosha kidole kwenye mawingu. Nikamwambia yale ni ya Mwanza.

Jumamosi, 11
Nimeosha magogo ndani ya kuta zangu, Gregory asione. Mapipa sita ya maji. Nimepepeta tope kwenye karai hadi mgongo ukagoma. Hata chembe! Nikaongeza mapipa manne.

Jumapili, 12
Tuko misani, ukuta wa mashariki umelala chini. Mvua haijadondosha hata tone! Maji yangu yameula kutoka chini. Gregory alikuja kunipa pole, kashika mbavu kwa kicheko. Mama Eunice anafunga sufuria. Hapo ndipo ninapoogopa.

Jumatatu, 13
Kaondoka na bodaboda. Kaniachia kikombe. Ngurumo ziko karibu. Luka anasema kuta tatu bado zinaokoleka, tupige paa leo leo, magogo ni mazima. Nimemkatalia. Kosa nimelijua: dhahabu haikubaki juu, imezama ndani ya mti! Nimeazima shoka. Nayapasua yote. Atarudi mwenyewe, na sufuria zake.
Asiyeamini amuulize Luka, aliuona udongo. Gregory msimuulize. Shoka ni lake.