Kabati la Chuma na Darasa la Tano

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mwalimu mkuu anataka kabati la chuma litoke darasani mwangu, lishuke ngazi tatu, liingie stoo. Mwisho Ijumaa. Nikishindwa, somo la sayansi anapewa mwalimu wa michezo, yule Misuli anayefungua milango kwa bega. Misuli kajitolea kulibeba peke yake. Nimekataa. Nimesema darasa la tano watalihamisha, kwa ajili ya elimu. Mgongo wangu umeshangilia.

Jumanne, 4 Machi
Somo la nyenzo. Nimepenyeza ubao chini ya kabati, jiwe la kuegemea nikaliweka karibu yangu, nisihangaike kuinama mbali. Nikaning'inia kwenye ubao kama nguo kambani. Kabati kimya. Ubao kacha! Nimetua ndani ya ndoo ya kupigia deki. Watoto wakapiga makofi, wakidhani ndilo somo lenyewe. Misuli alikuwa dirishani. Angekuwa wapi tena?

Jumatano, 5 Machi
Binti wa dawati la mbele, tunayemwita Kwa Nini, kauliza kwa nini jiwe lisikae karibu na kabati. Nimejibu kwamba nilikuwa nasubiri aulize. Kalisogeza mwenyewe, kabonyeza ubao mpya. Kabati likainuka! Na mtoto mwenyewe hafikii uzito wa begi lake. Nimepiga kelele kuliko darasa zima. Mbinu yangu imefaulu.

Alhamisi, 6 Machi
Kabati juu ya mkokoteni wa bustani, mbao juu ya ngazi, mteremko safi. Kwa Nini kazungusha kamba nguzoni ili lishuke polepole. Nikaamuru walegeze, tuonekane mahiri. Kosa dogo. Mkokoteni ukapita stoo bila salamu, ukamkimbiza Misuli uwanja mzima, ukazama matopeni.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Misuli kavuta mkokoteni mbele ya mwalimu mkuu. Kaguna, kavuta tena, mkanda wa suruali ukakatika. Kwa Nini akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, tupishe kidogo." Kamba, roda mbili za kupitishia kamba, za kuazima kwa fundi ujenzi, watoto wanane wa kuvuta. Kabati likatoka taratibu, likaingia stoo! Mwalimu mkuu akauliza wamejifunzaje haya yote.
"Mwalimu wetu anakosea polepole," akajibu Kwa Nini, "tunaona kila kitu."
Sayansi inabaki kwangu!

Jumamosi, 8 Machi
Nimelitafakari jibu lile. Ni sifa kubwa kwangu. Nimemwahidi mwalimu mkuu kwamba Jumatatu nitapandisha tangi la maji juu ya paa. Peke yangu. Watoto watanichelewesha.