Ildefons Apata Ukoo na Gari

Ukitaka kuwa tapeli mjini Bukoba, ujue mapema kwamba kila mtu kasoma. Ukimwandikia mtu stakabadhi ya bandia, atakusahihishia tahajia kwanza, ndipo alie. Ildefons Mwijage alilijua hilo, kwa hiyo hakuhangaika na wajinga. Yeye aliwala wasomi, hasa wale wanaoishi nje, maana hao hawapendi kuonekana hawajui kitu. Alivaa suruali iliyopigwa pasi ikanyooka, akaning'iniza kitambulisho shingoni kimegeukia upande usio na maandishi, akajiita wakala wa forodha. Ofisi yake ilikuwa popote penye kiti na chai.

Asubuhi hiyo kiti kilikuwa karibu na soko, na chai ilikuwa bado haijalipiwa, alipoliona gari jeupe lenye namba za Uganda likitafuta maegesho. Dereva alikuwa mama wa makamo mwenye gauni la kitenge. Alizunguka uwanja mzima mara mbili mpaka pua ya gari ikatazama barabarani, ndipo akazima. Mwanamke wa kujipanga huyu, Ildefons akawaza. Kisha akamwona anashuka na ile karatasi ya kibali cha muda wanayopewa wenye magari ya kigeni pale mpakani Mutukula, uso umemkunjamana.

Jamani, Mungu ampe mja nini tena? Nyumba ya Ildefons kule Kibeta ilikuwa kuta tupu, mvua inaingia na kutoka inavyotaka, na fedha ya mabati aliyoidunduliza haikufika nusu ya paa. Gari kama lile likiuzwa lingeezeka nyumba, choo, na hata banda la kuku.

"Shikamoo, dada. Kibali kinakaribia kuisha?"

"Marahaba. Umejuaje?"

"Kazi yangu ni kujua."

Mama yule aliitwa Georgina. Mzaliwa wa Rubya, huko Muleba, lakini miaka mingi sasa alikuwa mwalimu Masaka, ng'ambo ya mpaka, na huko ndiko waliko mume na watoto. Alikuja kumuuguza mama yake mdogo, mgonjwa akapona, kibali nacho kikawa mahututi. Ofisini walimweleza bila kuzunguka: alirudishe gari lilikotoka, au alilipie kodi lisajiliwe hapa.

"Mimi nataka libaki," alisema. "Nyumbani wanalihitaji."

"Basi umefika. Kuna msamaha wa mkaazi anayerejea. Ukihamia nyumbani moja kwa moja, na gari umelitumia huko zaidi ya mwaka, kodi unasamehewa."

"Lakini mimi sirejei. Jumatatu nina vipindi."

"Dada, kurejea ni nia tu."

"Nia yangu iko Masaka, pamoja na mume wangu. Nikaidanganye serikali kwa umri huu?"

Ildefons alivuta pumzi kama daktari mwenye habari nzito. "Ipo njia nyingine. Unamuuzia mkaazi wa hapa, kwa maandishi tu. Analisajili kwa jina lake, mambo yakitulia anakurudishia. Ila lazima awe ndugu wa ukoo, dada, maana dunia imejaa matapeli." Hilo la mwisho alilisema kwa uchungu wa kweli. "Kwani nyie ukoo gani?"

Georgina akautaja. Ildefons akasimama, mkono kifuani.

"Waitu, ndugu yangu! Mimi na wewe baba mmoja!"

Msomaji usiye wa kwetu, tusikilizane. Kwa Wahaya, wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama wamekutana leo kwenye foleni ya kuchaji simu. Humwoi, humnyimi kiti, na shida yake ni yako. Mtu anayedai ukoo hadai kitu kidogo. Ildefons aliliona hilo kama ufunguo wa mlango wa watu. Kwamba mlango huohuo hufungwa kwa ndani, hakuliwazia.

Georgina alimtazama kwa muda mrefu kidogo. "Basi twende Rubya kwa baba mkubwa. Bila yeye mimi siuzi hata baiskeli."

Baba mkubwa huyo, Mzee Lameki, aliwapokea kwa nyegera nyingi, yaani karibu za Kihaya, akamsogezea mgeni kikapu kidogo cha buni za kutafuna, akaanza kumpekua kwa upole, kama mtu anayetafuta kiroboto kwa paka wa jirani.

"Mwana wa nani?"

"Wa Mwijage, tata," Ildefons akajibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Tawi letu lilihamia Biharamulo zamani, likapotea."

"Biharamulo!" Mzee akapiga goti lake kwa furaha. "Basi babu yako ni Rwegoshora! Yule wa vidole sita!"

"Ndiye huyohuyo, waitu!" Ildefons akajibu, machozi yakimlengalenga. Kwenye machozi alikuwa fundi. "Mpaka anakufa aliwataja nyinyi."

"Na vidole vyote sita?"

"Vyote, tata."

Mzee Lameki akaitisha rubisi, pombe ya ndizi, akaita wazee wenzake wanne na Mwesiga, mwenyekiti wa kitongoji, akatangaza kwamba tawi lililopotea limeonekana. Hati ya mauziano ikaandikwa: Georgina kamuuzia gari Ildefons, nduguye. Ildefons alikuwa ameshaishika kalamu mzee alipomzuia.

"Fedha iko wapi?"

"Tata, si tumesema ni kwa maandishi tu?"

"Mauziano ambayo fedha yake haikuonekana, kwetu huo ni wizi. Ionekane mbele ya ukoo, ilale kwangu usiku mmoja, kesho utarudishiwa."

Hapo Ildefons alipiga hesabu yake. Gari lile lingemrudishia fedha ya mabati mara tatu. Mvuvi gani huogopa kupoteza chambo? Akashuka Muleba mjini kwa bodaboda, akatoa akiba yote kwa wakala wa simu, akarudi akaimwaga mkekani. Wazee wakaitazama kwa heshima. Mzee Lameki akaifungia chumbani, watu wakanywa, na Georgina akamkabidhi ndugu yake ufunguo kwa mikono miwili.

Alfajiri, jogoo hajawika vizuri, Ildefons akatoroka na gari. Fedha akamwachia mzee, kama sadaka. Teremko la Rubya alilishuka akicheka peke yake, maskini wa Mungu. Hakujua kwamba saa moja nyuma yake Georgina naye alikuwa anapanda basi la kuelekea Mutukula, mkoba umetuna.

Mnunuzi alikuwepo, ila alitaka namba za Tanzania. Ildefons hakuona shida. Kwa mara ya kwanza maishani aliingia ofisi ya forodha kwa miguu yake, hati halali mkononi, kitambulisho kimegeuzwa upande wenye jina. Dada wa dirishani alisoma, akapiga simu mpakani, akabofya kompyuta.

"Hongera kwa kununua gari, ndugu Mwijage. Aliyekuuzia amevuka Mutukula leo na nakala ya hati, kibali chake kimefungwa, kwa hiyo sasa mdaiwa ni wewe. Kodi yako hii hapa."

Ildefons alisoma. Kodi ilikuwa imelipita gari lenyewe.

"Na nisipolipa?"

"Gari linabaki uani. Faini nayo inaendelea kuzaa, kwa jina lako."

Akaomba aende garini kuchukua miwani, yeye ambaye hakuwa na miwani. Akawasha, akaingiza gia ya kurudi nyuma. Gari likanguruma, likasogea mbele, likabusu ukuta. Akajaribu tena, likabusu tena. Gia ya nyuma haikuwepo! Mlinzi akaja taratibu akafunga geti, na hapo ndipo Ildefons alipoelewa kwa nini dada yake alipenda kuegesha akitazama barabara.

Jioni alifika Rubya anatweta. Mzee Lameki alikuwa amekaa barazani na mwenyekiti Mwesiga.

"Tata, fedha yangu! Tulikubaliana ni ya kuonyesha tu!"

"Kweli. Na gari nalo lilikuwa la kuonyesha. Lirudishe, tukupe fedha yako."

Ildefons akaketi chini palepale barazani.

"Georgina alitamani kulirudisha kwao," mzee akaendelea, "lakini gari bovu lingemfikisha wapi, na kodi ya kulibakiza hapa angeitoa wapi? Akawa analia hapa. Ndipo Mungu akatuletea ndugu."

"Mzee, mimi si ndugu yenu!"

"Taratibu," Mwesiga akasema. "Kama si ndugu, basi umewadanganya wazee watano na mwenyekiti ili uchukue mali ya mtu. Hilo tunalipeleka polisi leo hii. Kama ni ndugu, hilo ni jambo la nyumbani."

"Na Rwegoshora je?" Ildefons akauliza kwa sauti ya mtu anayezama.

"Rwegoshora nilimzaa mimi, palepale kitini, wewe ukitafuna buni zangu," mzee akajibu. "Ulimlilia vizuri sana, nikaona nimempata mjukuu wake. Sasa sema. Wewe ni wetu, au si wetu?"

Ildefons alimtazama mwenyekiti, akamtazama mzee. Moyo ulimuuma kweli, si kwa kuigiza.

"Ni wenu, tata."

"Nyegera! Jembe liko nyuma ya nyumba. Kibanja, shamba letu la migomba, kimejaa magugu, na vijana wetu wote wako mjini."

Alikuwa ameinama chini ya migomba, suruali ya pasi imekunjwa magotini, simu ilipoita. Namba ya Uganda.

"Kaka Ildefons! Namba za gari umeshapata? Krismasi nakuja na watoto, utupokee Mutukula."

Mzee Lameki alikuwa amesimama kando, anasikiliza.

"Sawa, dada," Ildefons akajibu, akarudi kwenye palizi.