Nilivyoruka Baada ya Kumshinda Mama Achieng

Leo nimepata aibu ambayo hata sabuni haitoi. Bora mnisikie mimi kabla hamjasikia sokoni.

Mnajua kila Jumatano nafundisha drafti kwenye kikundi cha watu wenye ulemavu, pale ukumbi wa kanisa, Kosele. (Ndiyo, mimi. Yule mnayemla kete zote huku mkiongea na simu.) Leo nilikuwa na Mama Achieng. Haoni kabisa. Ubao wetu fundi aliuchonga miraba ya kuchezea iingie ndani kidogo, vidole viijue. Kete ni visoda, vile vifuniko vya chupa: vyake meno juu, vyangu meno chini.

Huletwa na wifi yake, Awuor, kutoka Rodi Kopany. Awuor hufunga kibanda chake cha nyanya ili amlete, na leo alinipa onyo kabisa. "Mwalimu, nikiona hii mchezo haimsaidii, sitamleta tena." Kisha akaenda kusaidia akina mama wa kanisa kupika chai.

Nikaogopa. Nikaona dawa ni Mama Achieng ashinde tu. Nikaanza kumwekea kete mahali pa kuliwa. Akala tatu, kisha mkono ukasimama.

"Mwalimu, hii umeniwekea nile."

"Nimekosea tu, mama."

"Hujakosea. Hata nyumbani ni hivyo. Nikichambua mchele wananisifu, halafu nikilala nawasikia wanauchambua tena." Akarudisha visoda vyote mwanzo. "Sasa cheza na mimi kama unacheza na mtu."

Maneno hayo yaliniuma. Nikacheza kweli.

Jamani, alinibana. Kila nikisogeza namwambia, vidole vyake vinapita juu ya ubao polepole, halafu anakula. Jasho lilinitoka. (Mwalimu mzima.) Mwishoni nilibaki na kete mbili, yeye moja. Nikaona njia. Nikaila ile kete yake.

Hapo ndipo shetani aliponiingia. Sijamshinda mtu drafti tangu mwaka huu uanze. Niliruka kutoka kwenye kiti, mikono juu, nikapaza sauti: "Nimemmaliza! Hana kitu!" Nikaizunguka meza nikicheza. (Kiuno kikiwemo.)

Nilipogeuka, Awuor alikuwa mlangoni na birika la chai, akina mama wa kanisa nyuma yake. Mmoja alifumba macho akaanza kuniombea.

"Omera, ndugu yangu," Awuor akasema, "unafurahi hivi juu umeshinda mtu haoni?"

Nilitamani ardhi inimeze. Aliweka birika chini, akamshika wifi yake mkono. "Twende nyumbani. Hapa haturudi."

Mama Achieng hakuinuka.

"Awuor, niache kidogo. Tangu macho yangu yaende, hakuna mtu amenishinda kitu. Hata watoto wananiachia." Akageuza uso upande wangu. "Huyu ameruka kweli?"

"Ameruka."

"Juu sana?"

Awuor akaniangalia kwa dharau. "Kama mbuzi."

Mama Achieng akatabasamu, na tabasamu lile sijawahi kuliona usoni pake. "Basi alikuwa ananiogopa."

Awuor alimwachia mkono. Nadhani alikuwa anafikiria ule mchele wanaouchambua tena usiku. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na ubao. "Mwalimu, panga tena. Na usimwachie."

Jumatano wanarudi. Funzo nimelipata: ukishinda, shinda ukiwa umekaa.